Suruali Ilisikia Kwanza: Kwa Nini Kelele za Roki Zinanoga

Usiku ule muziki uliniingilia miguuni. Binamu yangu wa Nairobi alikuwa ameniburuta hadi kwenye ukumbi mdogo, nusu baa nusu gereji, ambako vijana wanne wenye fulana nyeusi walikuwa wakichomeka nyaya jukwaani. Mimi nimekulia Dar es Salaam, kwenye dansi, taarabu na bongo fleva. Roki niliijua ya redioni, tena sauti ikiwa chini ili isiwaudhi wenye nyumba. Nikajitafutia kona ya nyuma karibu na mlango. Binamu akanishika mkono: "Njoo huku mbele, hapo hutaskia kitu." Mpiga drams akakanyaga pedali mara moja, kujaribu tu, na kitambaa cha suruali yangu kikapepea kwenye muundi kana kwamba kuna aliyewasha feni chini ya meza. Kisha kifua kikagongwa kwa ndani. Masikio yakawa ya mwisho kupata habari.

Kifizikia huo ni uongo, najua. Wimbi lilelile lilinifikia suruali, kifua na masikio karibu kwa wakati mmoja. Lakini ndivyo nilivyohisi, na hisia hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kuuliza maswali. Kelele ambazo zikitoka kwa jirani saa nane za usiku tungemwita mjumbe wa mtaa, zinageukaje kuwa raha ukishazilipia kiingilio? Kusema "muziki ulikuwa mzuri" hakutoshi. Kesho yake niliutafuta wimbo uleule kwenye simu nikausikiliza. Ulikuwa wimbo wa kawaida kabisa.

Tuanze na kipimo, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli, na desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Ukiongeza 10, nguvu ya sauti imekua mara kumi, ingawa sikio litakwambia imekuwa kubwa kama mara mbili tu. Watu wawili wakizungumza mezani wako kwenye 60 hivi. Mbele ya jukwaa la roki kipimo kinaweza kupita 100. Pengo hilo la 40 linaonekana dogo kwenye karatasi, lakini maana yake ni nguvu mara elfu kumi. Ndiyo maana pia anayeuza amplifaya yake ya wati 50 ili anunue ya wati 100, akidhani sauti itakuwa maradufu, ameliwa: amejipatia desibeli 3, tofauti ambayo ni lazima utege sikio ili uione.

Sasa, sauti kubwa haiwi tu ile ndogo iliyokuzwa. Mwaka 1933 watafiti wawili wa maabara za Bell nchini Marekani, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walichapisha michoro inayoonyesha kwamba sikio la binadamu lina upendeleo. Sauti za kati, zile za maneno na vilio vya watoto, linazidaka hata zikiwa hafifu. Sauti nzito za chini linazipuuza mpaka ziwe na nguvu ya kutosha. Jaribu nyumbani: punguza redio polepole. Mwimbaji atabaki, besi itazama kwanza. Ongeza tena, na ghafla wimbo unapata sakafu. Kwa hiyo nilichosikia kwenye simu kilikuwa wimbo uliokatwa miguu. Spika ya simu yenyewe ni ndogo kuliko kucha. Hata ingetaka kutoa besi, haina kifua cha kuitolea.

Na besi ndiyo kiini cha jambo hili, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Uzi mnene kuliko zote wa gitaa la besi, ukipigwa bila kubanwa kidole, hutetemeka mara 41 kwa sekunde. Sauti husafiri hewani takribani mita 343 kwa sekunde. Gawanya, utapata wimbi lenye urefu wa mita nane na ushee, refu kuliko daladala aina ya Coaster. Wimbi la ukubwa huo halijali nguzo wala ukuta wa matofali. Linazunguka, linapenya, linatikisa madirisha. Aliyewahi kulala mtaa wa tatu kutoka kwenye kigodoro anajua: mwimbaji humsikii, kinachokufikia kitandani ni ndu, ndu, ndu. Lile ndu ndilo lililopita katikati ya nyumba zote, na likiikuta miili nayo linapita.

Kifua cha mtu ni sanduku lenye hewa ndani yake, na mitetemo ya makumi kadhaa kwa sekunde hulitikisa kirahisi. Ngozi nayo ina vipokezi vya mtetemo, vilevile vinavyokuambia simu inaita mfukoni. Aliyewahi kukaa karibu na ngoma kubwa kijijini hahitaji kuelezwa haya. Anajua kwamba ngoma nzuri huisikii tu, inakuingia. Roki haikuvumbua kitu hapo. Ilichofanya ni kuchukua umeme na kuifanya ngoma hiyo iwafikie watu elfu hamsini.

Lakini kuna kiungo kingine, na hiki sikukitarajia kabisa. Ndani kabisa ya sikio, pembeni ya kile kikonokono kinachosikia, kuna viungo vya mizani, vinavyotuambia tumesimama wima, tumeinama au gari limeshika breki. Kimojawapo ni kifuko kidogo kiitwacho sakyuli. Kwa samaki wengi kifuko hiki ndicho sikio lenyewe. Sisi tukapata kikonokono, sakyuli ikaachiwa kazi ya mizani, ila inaonekana haikusahau kabisa kazi yake ya zamani. Mwaka 2000 mtafiti Neil Todd wa Manchester, Uingereza, pamoja na mwenzake Frederick Cody, walionyesha kwamba muziki wa dansi wenye besi, ukivuka takribani desibeli 90, huiamsha sakyuli. Wakapendekeza kuwa hicho ndicho kizingiti ambacho muziki wa kelele huanza kunoga: mwili unapata hisia ya kusogezwa huku umesimama palepale. Ni raha ya pembea, ile ile ya mtoto anayepiga kelele "nisukume tena!" Bado ni dhana, ina ushahidi wake na ina wanaoihoji, lakini inaeleza kitu ambacho maneno "muziki mzuri" hayaelezi. Inaeleza kwa nini mtu anaomba sauti iongezwe hata kama anasikia kila neno.

Kuna jaribio jingine la karibuni zaidi. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walichapisha matokeo ya onyesho la kweli lililofanyika katika ukumbi wao wa utafiti. Walifunga spika maalumu za besi ya chini mno, ya kina ambacho sikio karibu halikitambui kama sauti, wakawa wanaziwasha na kuzizima kila baada ya dakika chache huku wahudhuriaji wamevaa mikanda kichwani ya kupima mwendo. Spika zile zilipowaka, watu walicheza zaidi kwa karibu asilimia 12. Hawakujua ziliwashwa lini. Muziki wenyewe ulikuwa wa elektroniki, si roki, lakini sidhani kama mwili una ubaguzi huo.

Basi kama siri ni besi na nguvu, mbona roki? Sabufa ya baa yoyote ya Sinza ina besi.

Jibu liko kwenye gitaa, na kwenye duka moja la vyombo vya muziki magharibi mwa London. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Jim Marshall, mpiga drams aliyegeuka mwenye duka, alianza kutengeneza amplifaya kwa sababu vijana waliokuja dukani kwake walitaka kitu chenye nguvu zaidi. Miongoni mwao walikuwa Pete Townshend na John Entwistle wa bendi ya The Who, ambao walikuwa wakishindana wao kwa wao jukwaani nani atamfunika mwenzake. Ndipo zikaja zile amplifaya za wati 100 zilizokalishwa juu ya makabati ya spika yaliyopandana mpaka kumpita mtu kimo.

Amplifaya hizo zilitumia valvu, vile vioo vinavyowaka rangi ya chungwa ndani ya redio za babu. Valvu ikisukumwa kupita uwezo wake haikatiki tu. Inalisaga wimbi, inalikwaruza, inaliongezea sauti nyingine juu yake ambazo gitaa halikuzitoa. Ule mngurumo tunaouita sauti ya roki ulizaliwa hivyo, kwa mashine kuzidiwa. Na ili mashine izidiwe, ilibidi ifunguliwe hadi mwisho. Kuna zaidi: amplifaya ikiwa na sauti kubwa mno, hewa inayotoka kwenye spika inarudi kutikisa nyuzi za gitaa, nazo zinarudisha mlio kwenye spika, na noti moja inaweza kulia bila kukoma mpaka mpigaji aamue. Ule mluzi unaotuudhi pale mchungaji mwenye maikrofoni anaposogea karibu na spika, mpiga gitaa Jimi Hendrix aliufuga ukawa unaimba. Kwa hiyo katika roki ukubwa wa sauti si pambo lililowekwa juu ya wimbo. Ni ala. Ukiipunguza sauti umemtoa mwanabendi mmoja jukwaani.

Tatizo likawa jinsi ya kuifikisha kwa umati. Tarehe 15 Agosti 1965 The Beatles walipiga Shea Stadium, New York, mbele ya watu kama 55,600. Walitengenezewa amplifaya za wati 100 kwa ajili ya ziara ile, na sauti zao zilipitishwa kwenye spika za uwanja, zile za kutangazia mchezo wa besiboli. Mashabiki walipiga mayowe kuanzia mwanzo hadi mwisho, na wanamuziki wenyewe hawakusikiana. Mwaka uliofuata waliacha kabisa ziara. Miaka tisa baada ya Shea, mwaka 1974, bendi ya Grateful Dead ilizunguka Marekani na ukuta wa spika zaidi ya 600 uliosimamishwa nyuma ya wanamuziki, wao wakisikia kilekile wanachosikia watazamaji. Ulikuwa mzuri ajabu na ghali kupita kiasi, na haukudumu hata mwaka mzima.

Kinachowashinda mafundi mitambo ni kanuni moja ya maumbile: kila umbali ukiwa mara mbili, sauti hupungua desibeli 6. Ukitaka wa nyuma wasikie vizuri, wa mbele utawaua. Dawa iliyoenea tangu miaka ya 1990, baada ya Mfaransa Christian Heil na kampuni yake kuleta mfumo wao, ni zile spika nyembamba zinazoning'inizwa kwa safu iliyopinda kama mkungu wa ndizi. Zikipangwa kwa hesabu sahihi zinashirikiana kuwa chanzo kimoja kirefu, na sauti yake hupungua polepole zaidi kadiri unavyokwenda nyuma. Ukienda tamasha lolote kubwa leo, iwe Nairobi au Dar, utaiona mikungu miwili kando ya jukwaa. Spika nyingine husimamishwa katikati ya uwanja na kucheleweshwa kwa makusudi, kwa sababu mtu aliye mita 100 kutoka jukwaani hupata sauti ikiwa imechelewa karibu theluthi ya sekunde, na spika ya karibu isiyosubiri ingemletea wimbo mara mbili.

Kuchelewa huko kwa sauti ndiko kunakofanya makofi ya uwanja mzima yasiwe kofi moja. Yanapita kama upepo juu ya shamba la mpunga. Na hapa siwezi kumruka mtu aliyezaliwa Mji Mkongwe, Unguja, Septemba 1946, kwa jina la Farrokh Bulsara, aliyekuja kuitwa Freddie Mercury. Tarehe 13 Julai 1985 kwenye uwanja wa Wembley, katika tamasha la Live Aid, Freddie Mercury alisimama mbele ya watu kama 72,000 na bendi yake ya Queen kwa dakika zipatazo ishirini. Sehemu ambayo watu wanaikumbuka kuliko zote haikuwa na gitaa wala besi. Alitoa mlio wa sauti tupu, umati ukaurudisha, akaupandisha, wakaupandisha, akaukunja, wakaukunja. Wapo nyumbani wanaopenda kusema hiyo ni ngoma ya pwani, mghani na waitikiaji. Mimi sitadai alijifunza Unguja, maana alipelekwa shule India akiwa mtoto na familia yao ikahamia Uingereza mwaka 1964. Ila mwenyeji yeyote wa ngoma angelitambua jambo lile bila kutafsiriwa: katika dakika ile mwenye sauti kubwa kuliko zote uwanjani alikuwa hadhira.

Maana umati nao ni sehemu ya mtambo. Taa zikizimwa kabla bendi haijatoka, hakuna hata noti moja iliyopigwa, lakini vinyweleo vimesimama. Watafiti wa Montreal walionyesha mwaka 2011 kwamba ubongo huachilia dopamini, kemikali ya raha, wakati wa kungojea kilele cha wimbo, na tena kilele kinapofika; unalipwa mara mbili kwa kazi moja. Ongeza hapo adrenalini, kwa sababu mwili hauna njia ya kutofautisha mshindo wa drams na kishindo cha hatari, na wewe umesimama pale ukijua kabisa kwamba hatari haipo.

Hata lile duara la vijana wanaosukumana mbele ya jukwaa, ambalo usiku ule wa Nairobi nilidhani ni ugomvi, limewahi kupimwa. Wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Cornell walichambua video za maonyesho ya muziki wa metali, ile roki nzito, na mwaka 2013 wakaandika kwamba mwendo wa watu humo unafanana na wa chembe za gesi, kila mmoja akigonga na kugongwa bila mpango. Walichokosa kupima ni adabu yake. Niliona kijana akianguka, na kabla sijasema "jamani," mikono minne ilikuwa imeshamwinua, mmoja akamrudishia kofia. Jiji la Nairobi lina watu wa mambo hayo kwelikweli; ndilo lililotoa bendi ya Duma, vijana wawili ambao mwaka 2020 albamu yao ya kelele zisizo na huruma ilitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala.

Wahenga wana lao: ngoma ivumayo sana hupasuka. Nililikumbuka asubuhi, mbele ya chai ya maziwa na mandazi, mlio mwembamba wa mbu ukiwa masikioni na sauti ya shangazi ikija kama anazungumza kutoka chumba cha pili.

Kikonokono cha kila sikio kina seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000 tu, idadi ndogo kuliko watu wanaojaa nusu ya uwanja mkubwa wa mpira. Sauti ikizidi zinachoka, zinalala kama majani baada ya mvua, na kwa kawaida zinasimama tena baada ya saa au siku kadhaa. Zikifa, hazioti. Ndege wanaziotesha upya. Kuku wa kienyeji pale uani ana bahati kuliko mpiga gitaa yeyote wa London. Na huko kupona nako kuna ujanja. Mwaka 2009 watafiti wa Boston, Sharon Kujawa na Charles Liberman, walionyesha kwa panya kwamba baada ya kelele kubwa uwezo wa kusikia unaweza kurudi kwenye vipimo huku miunganiko kati ya seli na neva imekatika moja kwa moja. Kipimo kinasema umepona, lakini waya umeshakatika.

Kanuni ya usalama kazini inayotumiwa na taasisi ya NIOSH ya Marekani ni saa nane kwa desibeli 85, na kila ukiongeza 3 muda unakatwa nusu. Ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022, liliweka desibeli 100, kwa wastani unaopimwa kila dakika 15, kuwa kikomo kwa kumbi za burudani. Mwaka 1976 The Who walipimwa desibeli 126 kwenye uwanja wa mpira wa Charlton, wakaingia kitabu cha Guinness kama bendi yenye kelele kuliko zote. Baadaye kitabu hicho kikaacha kupokea rekodi za namna hiyo, kisije kikawachochea watu kujiharibu masikio. Townshend mwenyewe amezungumza wazi kuhusu kupungukiwa na usikivu, na ajabu ni kwamba lawama kubwa ameipeleka kwenye visikizio vya studio kuliko jukwaani.

Nilirudi ukumbi uleule miezi michache baadaye, mfukoni nikiwa na vizibo vya masikio. Si zile za sponji, ambazo hukata zaidi sauti nyembamba na kukuachia muziki kama uko ndani ya pipa, bali zile za wanamuziki, zenye kichujio kidogo kinachopunguza sauti zote kwa karibu desibeli 15. Hesabu yake ni rahisi: ukumbi wenye 103, ambao kwa kanuni ile ungekupa dakika saba na nusu, unakuwa 88, na saa nne. Binamu alizitazama kwenye kiganja changu kana kwamba nimekuja na mwavuli ndani ya bwawa la kuogelea. "Hizo ni za wazee," akasema.

Nikazivaa. Maneno ya nyimbo, ambayo mara ya kwanza yalikuwa yamesagika yote, nikayasikia moja baada ya jingine. Nikasogea mbele hadi kwenye sabufa, mpiga drams akakanyaga pedali, na suruali ikapepea kama siku ile. Katikati ya wimbo wa tatu binamu akanigusa bega, akanyoosha mkono. Ilinibidi nizibe sikio lake moja kwa kiganja ili anisikie kwa jingine nikimwambia kwamba pakiti ina jozi moja tu.